Ngumi katika Nyumba ya Panya

Mdogo wangu alianza kuitwa Ngumi siku alipomng'oa jino binti wa jirani kwenye foleni ya bomba. Nilikuwepo, nimeshika ndoo yangu, nikamwona yule binti akilitafuta jino lake kwenye tope huku damu ikimtiririka kidevuni. Mama alimchapa Ngumi hadi fimbo ikakatika, akaenda kukata nyingine. Ngumi hakulia. Aliisubiri fimbo ya pili kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Mimi ndiye mkubwa wetu. Nilimaliza darasa la saba, na la saba la enzi zetu lilikuwa la saba kweli, si hili la siku hizi. Ngumi alitolewa la nne kwa kumpiga kiranja. Ndiyo maana maisha yake nayaandika mimi. Yeye kalamu aliishika kama anayetaka kumchoma mtu nayo.

Sasa mtu wa namna hiyo akaolewa, na akawa yeye ndiye anayepigwa. Mtaa mzima tulishangaa.

Mumewe alikuwa muuza sumu ya panya. Tulimwita Bwana Sumu, na jina alilipenda. Alipita mitaani na kipaza sauti kifuani, begani fimbo ndefu iliyoning'inizwa panya waliokauka, mikia ikicheza na upepo. "Sumu ya panya, ya mende, ya kunguni! Akila leo, kesho mnazika! Mama mkwe hatumuuzii, asije akawahi kutuwekea sisi!" Watu walicheka wakanunua. Mtaa wetu ulipakana na maghala ya nafaka, kwa hiyo panya hawakukosekana. Ila mchekeshaji huyo akifika kwake alivua kipaza sauti na kicheko pamoja. Alimpiga mdogo wangu kwa mkanda, kwa mwiko, na safari moja kwa pasi, ikawa heri tu kwamba ilikuwa imepoa.

Siku nilipomkuta jicho limefumba kwa uvimbe nilimuuliza, "Mikono yako umeiweka wapi, wewe?"

"Ninayo, dada."

"Mbona haifanyi kazi?"

"Nikianza sitaacha. Nitamuua yule. Halafu?"

Nilikwenda nyumbani na hiyo "halafu" ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyuma ya maghala palikuwa na kituo cha utafiti, na walitafuta mtu wa kufagia nyumba ya panya. Wanaume walikuwa wameijaribu kazi hiyo wakakimbia. Ngumi akaenda. Mkuu wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, msomi wa vyuo vya mbali. Wafanyakazi walimwita Dokta Mkia, kwa sababu panya akifika tu mikononi mwake alimkata ncha ya mkia na kuitia kwenye kichupa cha spiriti. Humo, alisema, ndimo alimosoma vinasaba, yaani ile asili ambayo mzazi humwachia mtoto.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kirefu, madirisha ya wavu, rafu za chuma huku na huku. Kushoto vizimba vya panya wa ghalani, weusi, wanene. Kulia wa shambani, wadogo kidogo, rangi ya vumbi, hasira tupu. Harufu yake ilinasa kwenye nywele, na mdogo wangu akipita kwangu nilijua amefika kabla hajabisha hodi.

Kazi haikuwa kufagia peke yake. Panya waliohitajika kupasuliwa ilibidi wauawe, na Dokta alimfundisha namna isiyowatesa: mkono mmoja unakandamiza fimbo fupi ya chuma nyuma ya kichwa, mwingine unavuta mkia kwa nguvu moja. Shingo inalia tko, basi. Ngumi aliharibu wa kwanza. Alivuta kwa woga, panya akapiga kelele na kumkojolea, ikabidi avute tena. "Usimwonee huruma mkononi," Dokta alimwambia. "Ukisitasita, yeye ndiye anayeumia."

Walipozoeana Dokta akamweleza walichokuwa wanatafuta.

"Mababu wa hawa na wa wale walikuwa wamoja, mama. Wengine wakabaki porini, wengine wakahamia kwa watu. Wametengana muda mrefu, kila upande ukabadilika kufuata maisha yake. Nataka kujua kama bado wanaweza kuzaliana, au wameshakuwa aina mbili kabisa."

"Na hii habari ya kula sumu wasife?"

Maana hilo lilishaanza. Panya wa maghalani walikuwa wakila sumu ya dukani kama mchele.

"Ile sumu huifanya damu isigande. Panya anavuja ndani kwa ndani mpaka anakwisha. Sasa porini iko mbegu chungu inayofanya vivyo hivyo. Wa shambani wameila vizazi na vizazi. Wengi walikufa. Wachache waliozaliwa na damu isiyoijali wakabaki, wakazaa wenzao. Nadhani wa ghalani wameipata huko, kwa kuzaa nao."

"Sawasawa na mimi," Ngumi akasema. "Nimepigwa mpaka nimekuwa sugu."

Dokta akavua miwani. "Hapana, mama. Usiwasingizie panya. Hakuna panya aliyekomazwa na sumu. Waliuawa, wakabaki wale ambao tangu tumboni haikuwaweza. Wewe hata ukipigwa miaka ishirini, mwanao atazaliwa na ngozi laini kama mtoto yeyote. Kipigo hakikuongezei kitu. Kinakupunguza tu."

Maneno hayo alinisimulia kwangu, anamenya viazi, na kisu kikasimama. "Dada, kumbe nilikuwa nadhani kuna kitu nakusanya." Jioni ile ile alichukua nguo zake na sufuria moja, akahamia kituoni.

Mwisho wa ile nyumba ya panya kulikuwa na chumba cha mtunzaji: kitanda cha chuma, dirisha, na komeo la ndani. Dokta akampa. Lakini hakumficha ukweli. Wakubwa wa kituo walichoka kungoja. Wakipata machotara, yaani watoto wa pande zote mbili, na machotara wale wakazaa na wao, kazi ingeendelea. Wasipopata, nyumba ingegeuzwa stoo, na chumba kingekwenda nayo. Mdogo wangu hakuwa na pa kwenda zaidi ya kwa Bwana Sumu. Kwangu tulilala watu sita chumba kimoja, wawili chini ya meza.

Basi akawapania panya wale wazae kama vile mkwe anayedai mjukuu.

Iko sheria moja waliyoifuata pale siku zote: jike hupelekwa kwenye kizimba cha dume, dume hapelekwi kwa jike kamwe. Jike akiwa kwake hukilinda, na dume mgeni akiingia hutoka vipande. Ukimpeleka yeye ugenini, hutulia walau kidogo. Ngumi alifanya hivyo asubuhi hata asubuhi, anafungua, anamchukua jike shingoni, anamwingiza kwa dume, anafunga. Hata hivyo wa pande mbili hawakupendana. Alishuhudia jike wa shambani akitafunwa mguu. Alishuhudia dume wa ghalani akitobolewa jicho, akazunguka kizimbani huku limening'inia. Mara nyingi aliwatenganisha kwa fimbo, glovu zimelowa damu, na yule asiyeweza kupona akamvuta shingo. "Harusi gani hii," alikuwa akiniambia, "kila siku tunazika bwana harusi."

Ikatokea moja. Jike mmoja wa shambani, mwenye doa jeupe kifuani, alimng'ata dume wa ghalani, akang'atwa, kisha wote wawili wakachoka wakalala mgongo kwa mgongo. Akashika mimba. Akazaa vitoto vyekundu kama vidole vilivyomenywa ngozi. Mdogo wangu alikuja kwangu mbio kana kwamba amejifungua yeye.

"Wamezaliwa, dada! Chotara! Wakikua wakazaa, chumba changu!"

"Hongera, bibi wa panya."

"Nicheke tu. Bibi ndiyo mimi."

Huku mtaani Bwana Sumu alikuwa anafilisika. Mama mmoja alimrushia pakiti usoni: "Panya wangu amekula hii akanenepa! Umetuuzia shibe!" Wapagazi wa maghala walimvunjia fimbo yake ya maonyesho. Mke ameondoka, wateja wameondoka, vyote kwa msimu mmoja, na vyote viwili alivitafutia mchawi mmoja. Akawasha kipaza sauti.

"Mnajiuliza kwa nini hawafi? Waulizeni kituoni! Wanawafuga! Wanawapa kinga! Mke wangu yuko mle ndani anawanywesha maziwa!"

Wiki hiyo mtoto mchanga wa mpagazi mmoja alitafunwa sikio usingizini. Hapo tena hakuna aliyecheka.

Walikuja adhuhuri. Dokta alikuwa makao makuu akiwaomba wakubwa subira. Mimi nilikuwa nimempelekea Ngumi birika la chai, tumekaa chumbani kwake. Tulisikia kwanza geti linavyolia, kisha mlinzi akapita dirishani bila kofia, anakimbia, damu inamtoka kisogoni. Halafu mawe. Wavu wa dirisha ukachanika, jiwe likatua kitandani katikati yetu.

"Dada, funga komeo ukae humu."

"Nikae nifanye nini?" Nikashika birika.

Waliingia wapagazi na wanawake wa maghalani, wana nondo, michi, majembe. Waliziangusha rafu. Mlio wa zile rafu nausikia mpaka leo. Vizimba vilipasuka, panya wakamwagika sakafuni kama maharage, na watu wakaanza kuwakanyaga na kuwaponda. Sakafu ikateleza. Mpagazi mmoja alianguka chali juu yao akapiga kelele kuliko panya wenyewe. Mwingine alinijia na nondo, "Toka, bibi!", na mimi nikammwagia birika lote kifuani. Chai ilikuwa ya moto, nami niliifanya vizuri, ya tangawizi. Alitoka mbio akivua shati.

Ngumi alikimbilia kizimba cha Doa Jeupe. Kilikuwa kimeanguka, mlango umepinda, vitoto vinaonekana kwenye majani. Alitazama huku na huku. Kilichobaki kizima karibu yake kilikuwa kizimba kimoja kikubwa cha pembeni, na ndani yake dume wa ghalani. Nilimwona kwa macho yangu. Hakufikiri. Alifungua, akamshika jike shingoni, akamwingiza, akakusanya vitoto na majani yao kwa viganja, akaviingiza, akafunga, akakisukuma chini ya sinki. Mkono ulifanya kile ulichofanya kila asubuhi.

Alipoinuka, Bwana Sumu alikuwa mbele yake. Fimbo mpya, kipaza sauti kifuani.

"Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Hapa? Kwenye mavi ya panya?"

"Kwako yalikuwa ya nani?"

Watu wakaguna, mmoja akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa akili. Alimpiga fimbo ya uso, nyusi ikafunguka, damu ikamfunika jicho. Akainua ya pili. Ngumi akainyakua kwenye sinki ile fimbo fupi ya chuma. Alimpiga nayo mkono ulioinuka, na sote tulisikia mfupa. Akampiga goti. Alipoanguka akampiga bega, akampiga mbavu, kipaza sauti kikawa kinarudisha kila pigo na kila yowe kwa sauti kubwa, hadi watu waliokuwa nje wakadhani wanauawa kumi. Hakuna aliyemsogelea. Alikuwa anainua chuma kwenda kichwani, kwa utaratibu, kama aliye kazini, nilipomrukia mgongoni nikamng'ang'ania shingo.

"Ngumi! Halafu? Niambie, halafu?"

Chuma kikabaki hewani. Kikashuka.

Wapagazi walimbeba Bwana Sumu miguu na mikono kama gunia lililotoboka. Walikuja kuua panya, na walichokiona kiliwatosha. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, hakuna anayemtazama mwenzake.

Chumba kilipotulia ndipo tukasikia chini ya sinki.

Ngumi alikivuta kile kizimba akapiga magoti. Dume alikuwa amewamaliza. Alikuwa amewang'ata vichwani, mmoja mmoja, kama madume wanavyowafanyia watoto wasio wao, na Doa Jeupe alikuwa amemrukia, amemchana ubavu, lakini koo lake mwenyewe limefunguka. Jike asiye na watoto ndiye hupelekwa kwa dume. Anayenyonyesha hapelekwi popote, na hilo Ngumi alilijua kama alivyojua jina lake. Aliingiza mkono mtupu. Dume akadaka kidole akakisaga mpaka kwenye mfupa, naye akamtoa akiwa ananing'inia hapo hapo, akambamiza ukutani mpaka akaachia.

Alimgeuza yule mama aliyekufa. Chini ya tumbo lake kulikuwa na mmoja anapumua. Sikio moja halipo.

Dokta Mkia alitukuta tumeketi kwenye damu, Ngumi amekifunga kidole kwa kitambaa changu cha kichwa. Alizitazama rafu. Kisha akakitazama kizimba.

"Nani aliwaweka pamoja?"

"Mimi."

"Wewe, mama?"

"Mkono wangu, Dokta. Jike kwa dume. Mkono hujua hivyo tu."

Dokta akakaa sakafuni na sisi, na gauni lake la kazini, akanyoosha kiganja. "Mlete huyo mmoja kabla hajapoa."

Walimpaka yule mdogo majani na mikojo ya jike mwingine aliyenusurika akiwa ananyonyesha, apate harufu ya kwao, wakamchomeka katikati ya wanawe. Yule jike alimnusa muda mrefu, meno yako wazi. Ngumi alikuwa ameshika chuma, ingawa sijui angempiga nani. Jike akamlamba kile kidonda cha sikio, akajilaza.

Kidole cha Ngumi kilioza, hospitali wakakikata. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Wakubwa wa kituo walitamka neno moja: wanamngoja huyo chotara mmoja. Asipozaa, stoo. Kwa hiyo chumba cha mdogo wangu, na komeo lake, vikawa vimening'inia kwenye tumbo la panya asiye na sikio.

Bwana Sumu alipona mkono ukiwa umepinda kama ndoano. Alifika getini akaniona mimi.

"Shemeji, mwambie arudi. Nimesamehe."

"Umesamehe nini, shemeji? Mbavu?"

"Panya akifa atarudi mwenyewe. Nasikia amebaki mmoja."

Nilimwambia asogee nimnong'oneze. Hakusogea.

Kisikio, ndivyo tulivyomwita, alikua. Siku ya kumpeleka kwa dume Ngumi alinitaka niwepo, na Dokta naye akasimama, mikono nyuma. Walichagua dume wa shambani. Ngumi alimshika shingoni kwa vidole vilivyobaki, akamwingiza, akafunga.

Dume alimrukia papo hapo. Walibiringika, majani yakaruka, tone la damu likagonga glasi ya miwani ya Dokta, naye hakulifuta. Kisikio alilia. Ngumi akashika mlango wa kizimba.

"Bado," akasema Dokta.

"Anamuua!"

"Bado, mama."

Kisikio alijipindua akamng'ata dume pua, akaishikilia hivyo. Dume akanyamaa. Alipomwachia, walikaa kila mmoja pembe yake wakilamba damu zao. Kisha dume akamwendea polepole, akamnusa, na safari hii hakung'atwa.

Mimi nilitazama pembeni. Mambo mengine hata ya panya yana heshima yake.

Alizaa. Vitoto vikakua, vikapewa sumu ya dukani, ile ile iliyompa shemeji jina, na baadhi vikafa kwa kuvuja damu puani, na baadhi vikaila vikaomba tena. Dokta alikata mikia yote, akasoma humo alichosoma, akasema bado ni ndugu, wako njiani kutengana ila hawajafika, na ile damu isiyojali sumu inapita kwa kuzaliana tu. Hakuna aliyewanywesha maziwa. Rafu zikasimamishwa tena. Wakubwa wakaacha kutaja stoo, na mdogo wangu akapewa chumba kile kwa muda wote atakaotaka kufanya kazi. Alitaka mpaka nywele zikawa nyeupe, na Bwana Sumu hakuwahi kulivuka lile geti.

Ilibaki kazi moja. Ini ndilo linalotengeneza kinachogandisha damu, na Dokta alihitaji ini la Kisikio.

"Nitamwita mwingine afanye," alimwambia. "Huyu usimfanye wewe."

"Mwingine atasitasita," Ngumi akasema. "Nipishe, Dokta."

Alimtoa, akamlaza juu ya meza. Kisikio alimzoea, hata hakufurukuta. Chuma nyuma ya kichwa, mkono kwenye mkia. Nilimtazama uso nikidhani nitaona kitu, lakini alikuwa ameuma meno tu, kama siku ile anaingoja fimbo ya pili ya mama. Akavuta mara moja.

Alimweka kwenye sinia mbele ya Dokta, akanawa mikono. Kisha akaenda kuwawekea chakula wale watoto, waliokuwa wameanza kugombana.